Kifungo cha Gauni la Kijani

Gauni lilikuwa bado na unyevu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, ukanilaumu kwa kukuacha roho juu. Inspekta alikuwa akitafuta kalamu ya kuandikia maelezo. Akavuta droo ya cherehani, akaingiza mkono bila hata kutazama. Badala ya kalamu akatoa gauni la kijani la mtoto wa miaka sita. Gauni lile lile ambalo watu zaidi ya mia walikuwa wakilisaka kwa siku ya nne sasa, mashambani, vichakani na kando ya mto.

Na cherehani ilikuwa ya nani? Ya mama wa mtoto.

"Mama," Inspekta alisema kwa upole uliotisha kuliko ukali, "hili limefikaje humu?"

Yule mama alilitazama gauni, kisha akamtazama Inspekta.

Watu wote wa pale walimwita Fundi, kwa sababu hapakuwa na sare ya shule wala gauni la harusi ambalo halikupita mikononi mwake. Watoto wake wawili hawakuonekana tangu Jumatatu mchana. Wa kwanza ni binti, ambaye kwa ubishi wake nyumba nzima ilimpachika jina la Wakili. Wa pili ni mdogo wake wa miaka minne, Kibonge. Siku hiyo Fundi alikwenda kupeleka sare shuleni, akawaacha uani na bibi yao. Aliporudi alikuta kuku tu wanaparua. Bibi alitokea baadaye, akasema alikuwa akiwatafuta.

"Sijui," akasema mwishowe. "Haki ya Mungu, sijui."

"Chumba chako, cherehani yako, mtoto wako. Na hujui."

"Ningelijua hilo gauni liko humu, afande, ningekaa hapa siku zote hizi nikililia?"

Mlangoni alisimama mama mkwe wake, mikono kinywani, macho yamemtoka. Fundi alimgeukia akitegemea angalau neno moja la kumtetea.

"Uuuwi!" mama mkwe akapiga kelele. "Mwanangu, umewafanya nini wajukuu wangu?"

Neno lile lilimwingia Fundi kama sindano chini ya ukucha. Miaka saba wameishi chini ya paa moja, wamegombania chumvi na wamecheka pamoja, na leo ndiyo hukumu yake?

Inspekta hakupoteza muda. Akachomoa bahasha kutoka mfuko wa shati, akatoa barua ndani yake, akaikunjua.

"Tuje kwenye hii. Kiwanda cha nguo cha mjini kimekukubalia kazi. Unaanza mwezi ujao. Makazi ni bweni la wafanyakazi wa kike." Akainua macho. "Hapa chini wameandika: watoto hawaruhusiwi."

"Nani amekupa barua yangu?"

"Jibu swali."

"Hujaniuliza swali!" Sauti ilimpanda. "Sikukusudia kwenda bwenini. Nilikusudia kupanga chumba, nikae na wanangu. Mama, si nilikuambia? Mwambie!"

Mama mkwe aliinamisha kichwa, akawa anachunguza vidole vya miguu yake.

"Mimi nakumbuka habari ya bweni tu," akasema.

Basi. Lilitosha. Inspekta alilitia gauni kwenye mfuko wa nailoni mweupe, akaliweka mezani, akatoka hadi barazani kutoa amri. Lina tope, alisema. Tope maana yake mto. Watu wote wahame mashambani, wateremke mtoni. Waje wavuvi na nyavu zao.

"Afande!" Fundi alimfuata mbio. "Tope la mtoni ni jeusi! Hili ni jekundu, tazama vizuri! Msiwahamishe watu!"

Mkono ukamzuia kifuani. Ulikuwa mkono wa koplo, mwanamke wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Hukamatwi, mama," Inspekta alisema akivaa kofia. "Bado. Lakini humo chumbani hutoki mpaka nirudi. Koplo, hata akitaka kwenda chooni, nenda naye."

Mlango ukarudishwa. Komeo la nje likasema *kra*.

Chumba cha cherehani kilikuwa hatua nne kwa nne. Dirisha lake moja lilikuwa na nondo ambazo Fundi mwenyewe alimsumbua mumewe mwaka mzima azitie, vibaka wasije wakaiba cherehani. Sasa alizishika kwa mikono miwili akiwatazama majirani wakiteremka bondeni, mmoja nyuma ya mwingine. Wengine waligeuka kuitazama nyumba. Waligeuka haraka tena, kama watu waliotazama kidonda.

Yule mama wa jirani, aliyelala naye kitanda kimoja usiku wa kwanza akimfuta machozi, alipita karibu kabisa na dirisha.

"Jirani! Jirani yangu!"

Alikaza mwendo. Hakugeuka.

Na mumewe? Dereva wa malori ya masafa marefu, siku mbili mbali. Asubuhi ile alikuwa amepiga simu, akasema maneno kumi hivi: "Mama ameniambia mambo ya barua. Sikujua una moyo huo." Simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani.

Hebu jiweke pale, msomaji. Wanao wako nje mahali fulani, na watu wote wenye miguu wanakwenda kuwatafuta wasikokuwepo. Wewe una miguu mizima na umefungiwa na mikasi na vitambaa.

Fundi alilia mpaka machozi yakakauka. Kisha, kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, aliuvuta ule mfuko wa nailoni, akalitazama gauni. Halikuwa tena ushahidi wa polisi. Lilikuwa kazi yake. Kola ya duara, aliikata mwenyewe. Marinda manane. Vifungo vitatu vya mgongoni, vya matundu manne, kila kimoja kimeshonwa kwa uzi wa kijani uliokatiza msalaba.

Cha kwanza, msalaba. Cha pili, msalaba.

Cha tatu hakikuwa na msalaba.

Akasogea kwenye mwanga. Kifungo cha tatu kilishonwa kwa uzi wa katani, ule wa kushonea magunia. Ulipita mistari miwili iliyonyooka, na fundo limeachwa nje, kubwa kama punje ya mtama. Kitambaa kilikuwa kimetobolewa matundu makubwa. Hiyo haikuwa sindano ya nguo. Ilikuwa sindano ya magunia.

Jumatatu asubuhi alimvika Wakili gauni hili kwa mikono yake. Vifungo vyote vilikuwa sawa. Kwa hiyo kimoja kilikatika baada ya hapo, na mtu alikaa chini akakishona.

Anayetaka kuua mtoto hamshonei kifungo!

Komeo likafunguliwa. Mama mkwe akaingia na kikombe cha chai. Nyuma yake koplo alichungulia, akaona wanawake wawili na kikombe kimoja, akarudi barazani kwenye daftari lake na kuuacha mlango wazi kidogo.

"Kunywa, mwanangu. Utaanguka."

Alipoinama kukiweka kikombe mezani, Fundi aliona kifua cha blauzi yake. Blauzi ya zamani, ya kahawia. Kifungo cha juu kilishonwa kwa uzi wa katani. Mistari miwili. Fundo nje.

Nyumbani pale lilikuwa jambo la kuchekwa tu. Macho ya mama mkwe yalikuwa yamefifia, tundu la sindano ndogo halioni tena, naye ni mkaidi, hataki kushonewa. Hutumia sindano ya magunia kwa kila kitu. Wakili alikuwa akimwambia, "Bibi, wewe unashona nguo au unafunga mzigo?"

Fundi hakupiga kelele. Alimshika mkono, akamvuta karibu mpaka wakahemeana usoni.

"Mama. Wanangu wako wapi?"

"Mimi niulizwe? Si wewe—"

"Kifungo hiki umekishona wewe. Nakujua mkono wako kama ninavyoujua wangu. Wako wapi?"

Mama mkwe alijaribu kujinasua. Hakuweza. Akaporomoka, akaketi sakafuni.

"Nilitaka usiku mmoja tu," akanong'ona. "Mmoja tu, mwanangu."

"Usiku mmoja wa nini?"

"Wa kukutisha! Mwanangu wa kiume yuko barabarani mwaka mzima. Wewe unakwenda mjini, wajukuu unawabeba. Mimi nibaki na nani? Niongee na kuku? Nikasema nitawaficha usiku mmoja. Utahangaika, utalia, utaona kazi ya mjini si kitu mbele ya watoto. Asubuhi nitawaleta, nitasema nimewakuta walikopotelea wakicheza."

"Uliwaficha wapi?"

"Ghalani."

Ghala la pamba! Lilikuwa juu mlimani, mwendo wa dakika arobaini, limefungwa tangu kampuni ya pamba ilipokufa miaka ishirini iliyopita. Marehemu baba mkwe alikuwa mlinzi wake, na ufunguo ulibaki nyumbani. Siku ya kwanza ya msako, nani alijitolea kwenda kulikagua? Mama mkwe. "Hamna kitu huko," alirudi akasema, na watu wakamwamini.

"Uliwafungia watoto wadogo ghalani usiku, peke yao?"

"Niliwaachia kandili! Na mkeka, na chakula. Wakili aliteleza njiani kwenye mvua, gauni likachafuka, kifungo kikakatika. Nikakishona, nikalitundika likauke, nikamfunga kitenge changu. Nikawaambia ni mchezo, tunamfichia mama."

"Halafu?"

Mama mkwe akaziba uso.

"Halafu, mama!"

"Jumanne alfajiri nilikwenda kuwachukua. Kufuli limefungwa kama nilivyoliacha. Nikafungua. Hawapo. Gauni linaning'inia, wenyewe hawapo. Niliita, mwanangu. Niliita kwa sauti ya chini, nisisikike…"

"Ukaita kwa sauti ya chini."

"Niliogopa! Nikalichukua gauni, nikalificha kwenye mfuko chini ya kitanda changu. Leo nikasema nilitupe chooni. Niko nalo mkononi, namsikia Inspekta anapiga hodi. Droo ndiyo iliyokuwa karibu."

Mikono ya Fundi iliwaka hamu ya kumkaba. Nakwambia ukweli, msomaji, iliwaka. Lakini kabla ya hasira kulikuwa na swali, na lile swali lilimtia baridi ya mifupa.

"Kitenge ulichomfunga ni cha rangi gani?"

"Cha njano. Chenye maua."

Siku nne! Siku nne watu mia wanaulizana kama kuna aliyeona mtoto wa gauni la kijani, na mtoto mwenyewe yuko kwenye kitenge cha njano.

"Afande!" Fundi alipiga ukelele uliowatimua kuku uani. "Afande koplo, njoo!"

Koplo aliingia mbio, rungu mkononi. Na hapo mama mkwe, aliyekuwa chini analia sasa hivi, akageuka kufumba na kufumbua.

"Nitoe humu, afande! Amechanganyikiwa huyu! Ananikaba, anasema mimi ndiye nimeiba watoto!"

"Mama!" Fundi hakuamini masikio yake. "Si umesema mwenyewe?"

"Nimesema nini? Masikini, uchungu umempanda kichwani."

Koplo alimtazama huyu, akamtazama yule. Sura yake ilisema wazi yuko upande gani, na haukuwa upande wa Fundi.

"Dada, kaa chini," akasema. "Usijiongezee makosa."

"Sawa, nakaa." Fundi aliketi kweli, mikono juu ya meza. "Usiniamini mimi. Tazama kifungo cha tatu cha gauni hilo. Tazama uzi. Kisha tazama kifua cha mama."

"Dada—"

"Tazama tu, afande! Utapungukiwa nini?"

Koplo alivuta pumzi, akaliinamia gauni. Akakigeuza kifungo. Akaligusa lile fundo kwa ncha ya kidole. Kisha akainua macho polepole, mpaka kwenye blauzi ya kahawia.

Mama mkwe aliweka kiganja kifuani. Alichelewa.

"Ondoa mkono, bibi."

"Kifungo ni kifungo tu, mjukuu wangu…"

"Nimesema ondoa mkono."

Hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Uzi mmoja, mistari miwili, fundo nje. Mama mkwe aliporomoka mara ya pili, na safari hii hakuwa na pa kurudi. Alirudia yote, kuanzia mkeka mpaka kufuli. Koplo aliandika haraka, kalamu ikipasua karatasi. Alipofika kwenye kitenge, akasita.

"Rangi gani?"

"Njano, afande."

"Sikusikia vizuri. Rangi gani?"

"Njano. Maua mekundu."

Koplo alifunga daftari. Alikwenda barazani akaita kwenye redio ya upepo mara tatu. Ilikoroma tu. Bondeni kule ambako Inspekta alikuwa akipitisha nyavu, hakuna sauti iliyowahi kufika. Akarudi, paji la uso limelowa jasho.

"Nimeamriwa usitoke," alimwambia Fundi.

"Najua."

"Nikikutoa, kazi sina."

Fundi alivua viatu, akavishika mkononi.

"Bibi, lete ufunguo," koplo akasema. "Tunakwenda."

Walipanda mlima jua likiwa utosini. Fundi alikimbia mbele, viatu mkononi. Nyuma mama mkwe alikokota miguu, na koplo akimsukuma kwa maneno. Udongo wa njia ile ulikuwa mwekundu.

Ghala lilisimama peke yake kwenye majani marefu, mabati yamechakaa, yanalia kwa joto. Fundi alipiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Wakili! Kibonge! Mama amekuja!"

Kimya. Mama mkwe alishindwa kulipata tundu la kufuli. Koplo akampokonya ufunguo.

Ndani hewa ilikuwa nzito, ya vumbi la pamba na panya. Mkeka ulikuwa pale. Kandili lililokwisha mafuta lilikuwa pale. Kikombe kimepinduka. Ukuta mzima, dirisha hakuna. Fundi alizunguka akigonga mbao kama mwehu. Watoto hawawezi kuyeyuka! Kufuli halikuguswa, ukuta hauna tundu, paa liko juu mara tatu ya kimo cha mtu. Sasa wamepitia wapi?

"Nyuma ya magunia kuna nini?" koplo aliuliza.

"Takataka tu," mama mkwe alijibu kutoka kizingitini alikokaa. Halafu akashtuka. "Zamani… zamani walikuwa wakiteremshia marobota pale. Kwenda chumba cha chini, yapakiwe. Lakini walishaziba!"

"Waliziba juu au chini?"

Fundi alikwishaanza kuvuta magunia.

Nyuma ya magunia palikuwa na shimo sakafuni. Mfereji wa mbao uliteremka kutoka hapo kuingia gizani, mpana wa kupitisha robota moja la pamba. Ubao wa kuufunika ulikuwa umesukumwa kando, nafasi ndogo tu. Nafasi ya mtoto.

"Ngoja!" koplo alisema. "Ngoja nitafute kamba!"

Nani angengoja? Fundi alisukuma ubao wote, akaketi ukingoni, akajiachia.

Aliteleza. Mbao zile zilisuguliwa na marobota miaka mingi mpaka zikawa laini kama kioo, hapakuwa na pa kushika. Kiwiko kikachubuka, gauni lake likachanika, kisha akadondoka kwa kishindo juu ya udongo baridi. Akajaribu kusimama, kichwa kikagonga boriti. Alikuwa kwenye chumba cha chini, kilicho kifupi kuliko kimo chake. Mlango wa kutokea ulizibwa kwa matofali. Aligeuka akaushika mfereji apande kidogo aone. Mikono ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena.

Hapo akaelewa. Anayeshuka humu harudi juu.

Tone la maji lilidondoka mahali. Kisha sauti nyingine, ndogo kuliko tone. Pumzi ya mtu.

"Nani?" akauliza, sauti imemkauka.

"Ni mimi."

Alitambaa kwa magoti kuifuata ile sauti. Mkono ukagusa mguu mdogo, wa baridi. Akauvuta, akamkumbatia mwenye mguu kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Kibonge! Kibonge wake, mzima, amekonda mashavu, ananuka mkojo, midomo imepasuka. Pembeni yake maji ya mvua yalikuwa yamejikusanya kwenye shimo dogo. Hayo ndiyo aliyokuwa akinywa.

Fundi alilia bila sauti. Aliogopa akitoa sauti atamtisha.

"Yuko hapa!" alipaza sauti baadaye kidogo. "Afande, Kibonge yuko hapa, yuko hai!"

Juu, mama mkwe aliangua kilio cha kumshukuru Mungu na kujilaani kwa pumzi moja. Kichwa cha koplo kilitokeza kwenye shimo, cheusi dhidi ya mwanga.

"Na msichana?"

Fundi alipapasa kushoto, akapapasa kulia. Udongo. Ukuta. Udongo.

"Mwanangu, dada yako yuko wapi?"

"Usimchape," Kibonge alisema. "Yeye alisema tuteleze, halafu tukashindwa kupanda."

"Simchapi. Yuko wapi?"

"Amekwenda kukuita."

"Kupitia wapi?"

Mtoto alinyoosha mkono. Pembeni kabisa, chini ya ukuta, palikuwa na tundu la kutolea maji, limefichwa na majani kwa nje. Mwanga wa kijani ulipenya humo. Lilikuwa dogo. Mtoto mwembamba akitoa pumzi yote angepita, na mtu mzima asingepitisha hata bega.

"Mimi nilikwama," Kibonge aliendelea. "Akanivuta, ikauma, akaniacha. Akasema nisilie, anakwenda kukuita. Hakuja kukuita?"

"Alikwenda lini?"

"Tulilala, tukalala tena. Akaenda. Alikuwa anatetemeka, anasema kichwa kinauma."

Tulilala, tukalala tena. Usiku wa Jumatatu, usiku wa Jumanne. Basi alitoka Jumatano asubuhi. Jana! Mtoto wa miaka sita, mwenye homa, kwenye kitenge cha njano, ameteremka mlima peke yake kumwita mama. Barabara kuu ilikuwa nyuma ya mlima, upande wa pili, si wa nyumbani. Kama alipotea njia, angefika barabarani.

"Afande! Umesikia? Ametoka jana asubuhi! Piga redio, waambie kitenge cha njano, waende barabara kuu!"

Fundi alitega sikio asikie hatua za kukimbia.

"Afande koplo! Uko hapo?"

"Niko hapa."

Sauti ile ilikuwa imebadilika. Fundi aliinua uso. Koplo alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa shimo, kofia ameivua, anaifinyanga mikononi.

"Jana asubuhi nilikuwa zamu kituoni," alisema. "Sijalala usiku wa pili huo. Simu zinalia zote. Akaja mama mmoja mtu mzima, amebeba mtoto mgongoni, amelala. Akasema amemwokota barabara kuu, hana mtu, anaungua homa, haongei."

Fundi alimbana Kibonge kifuani.

"Nikatazama karatasi ya tangazo," koplo aliendelea. "Gauni la kijani, imeandikwa. Watoto wawili, imeandikwa. Nikamtazama mgongoni, naona kitenge tu. Njano. Maua mekundu. Nikasema tunatafuta wawili, wa gauni la kijani."

"Hukumtazama uso?"

"Nilikuwa nimeketi. Sikuinuka."

"Hukumtazama uso!"

"Akaniuliza, kama si wenu, nimchukue?" Machozi ya koplo yalidondoka shimoni, Fundi akayasikia yakigonga mbao. "Nikamwambia mchukue."

Fundi aliuvamia mfereji kwa mkono mmoja, mtoto kwenye mkono wa pili. Akapanda hatua moja, ya pili, kucha zikikwaruza mbao. Akaporomoka hadi chini. Akapanda tena. Akaporomoka tena.

"Alikwenda naye wapi?"

"Alisema anawahi basi la saa nne. La mpakani."

"Jina lake? Yule mama, jina lake nani?"

Koplo alilifungua daftari lake, akalifunga.

"Sikuandika," akasema.